Bwana Penseli

9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kama imekukuta hapo dirishani kwako posta, tafadhali usiigonge muhuri mara ya pili kwa mazoea. Sisi huku hatujambo. Wifi yako ni mzima, ila anadai siku hizi nakoroma kwa sauti mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Goti langu la kushoto limeanza kutabiri mvua na linapatia kuliko redio. Nywele ndiyo hivyo, kinyozi ananinyoa kwa huruma tu.

Kazi ni ileile ya kufufua mashine za fotokopi. Juzi nimefungua mashine ya ofisi moja ya mawakili, nikakuta chini ya kioo karatasi aliyoisahau mtu. Ameandika mambo ya kwenda kumwambia mkuu wake, na la mwisho kabisa ni "usilie". Niliirudisha ilipokuwa. Halafu jioni nikaiandika kwenye blogu, unanijua. Na mtandaoni nimegundua mtu mwenye ukurasa wa picha za viti vilivyotupwa barabarani. Viti tu! Ana zaidi ya elfu mbili, na kila kimoja amekiandikia neno la faraja. Nikajiambia, kumbe sisi wenye muda wa kupoteza tuko wengi.

Lakini habari kubwa ni Bwana Penseli. Unamkumbuka Bei Moja, yule muuza vitabu anayetandaza kwenye ngazi za benki iliyofungwa? Mwezi wa Desemba alishusha magunia manne ya vitabu kutoka mbali. Vya barabara, madaraja, mito, safari za watu wa zamani. Na pambizoni, karibu kila kitabu, kuna maneno ya penseli, herufi ndogo zilizosimama wima kama miche iliyopandwa kwa kamba. Mwenyewe anagombana na waandishi! Mmoja kasema mto fulani unapinda mashariki, naye kamjibu: "Hapana. Nimefika." Kwingine: "Huyu hajawahi kutembea kwa miguu." Maskini hana hata kifutio. Akikosea anakata kwa mstari mmoja na kuandika pembeni. Ukurasa mmoja ameandika "Leo Jumanne", akakata, "Jumatano", akakata, kisha "Uliza". Nimeshamwandika mara sita. Wasomaji wangu walikuwa thelathini, kumi kati yao mimi mwenyewe. Sasa wamefika mia tisa.

Shemeji vipi? Barua tatu hujamtaja. Mwambie sijasahau alivyonifunga drafti mara saba mfululizo mbele ya wakwe.

Mdogo wako,
Kasuku (jina ulilonipa wewe, nami sikukata rufaa)


4 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika, muhuri mmoja. Huku ni salama. Mfereji wa paa ulioziba umezibuliwa. Kazini wamenihamishia dirisha la vifurushi, kuna kiti chenye mgongo, nashukuru. Msalimie wifi, mwambie akuzibe pua.

Shemeji yako yupo. Anakusalimu.

Blogu yako naisoma. Saa ya chakula naifungua kwenye kompyuta ya vifurushi, mkuu wangu anadhani natafuta mzigo uliopotea. Ile ya viti imenichekesha.

Huyo mtu wa penseli mwache. Vitabu vya mtu ni kama nguo zake za ndani. Ukikuta zimeanguka kutoka kwenye kamba, unaokota, unakunja, unaweka. Huzitembezi mtaani. Nakuomba kama dada yako.

Sina zaidi.


22 Februari

Dada yangu,

Shikamoo tena. Ya nguo za ndani nimemsomea wifi yako, akacheka mpaka akakaa chini, na sasa kila nikishika simu ananiuliza, "Unakunja au unatembeza?" Sisi wazima. Lifti ya jengo letu imekufa, tunapanda kwa miguu ghorofa tano, na majirani ambao hatukuwahi kusalimiana sasa tunajuana hadi pumu.

Kuhusu Bwana Penseli, dada, umechelewa. Ombi lako limefika wakati mtu ameshakuwa maarufu. Halafu namtaja nani? Hana jina, hana sura, labda alishakufa zamani. Mimi namtukuza tu.

Hebu sikia hii, ya wiki iliyopita. Kitabu cha madaraja, ukurasa wa mia na kumi na mbili, penseli iliyochongwa vizuri kabisa: "Mwanamke anayeleta chai asubuhi ni mke wako. Usimuulize tena jina. Inamuumiza." Nikaipiga picha, nikaipa kichwa cha habari "Mume Bora wa Mwaka". Maoni mia mbili na kumi na nne! Mmoja kauliza, "Kwani ana wake wangapi mpaka aandike?" Mama mmoja kasema, "Na mimi nimwandikie wangu ukutani." Nilicheka peke yangu hadi wifi yako akaja kuangalia. Alisoma, akanirudishia simu, akaenda kukunja nguo. Sijui siku hiyo alikuwa na nini.

Sasa wasomaji wanakwenda wenyewe kwenye ngazi za Bei Moja, wanamuuliza, "Penseli ipo?" Magunia mawili yamekwisha. Bei Moja ananiita mkurugenzi.

Usinune. Nitampumzisha nikipata kingine cha kuandika.

Kasuku


30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Wiki ya tano hii bila barua. Ningesema imepotea njiani, lakini mtu wa kumlalamikia pale posta ni wewe.

Nilishashika simu mara mbili nikaiweka. Unaijua sheria aliyotuachia mama: simu ni ya kusema nimefika salama, jambo lenye uzito liandikwe, ili mtu apate kufikiri kabla ya kujibu. Basi naandika.

Jana wifi yako ameniuliza, "Shemeji yako anaumwa nini?" Nikasema nitajuaje, anakusalimu. Akasema, "Wewe unasomwa na watu mia tisa, na dada yako humsomi. Zamani hakuwa akimaliza barua bila kumsema mumewe. Leo kavunja kikombe, leo kagombana na redio, leo kanunua viatu vya ukubwa mmoja mguu huu na mwingine mguu ule. Sasa anaandika 'yupo'. Kiti nacho kipo."

Sikulala vizuri. Dada, shemeji ana nini?

Mdogo wako


12 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tupo. Barua yako haikupotea, nilikaa nayo. Nimeanza kukujibu mara nne. Msalimie wifi, mwambie ana macho.

Shemeji yako anasahau. Si kusahau funguo kama wewe. Ugonjwa ulianza zamani, huu ni mwaka wa tatu sasa. Alitoka kwa kinyozi, nyumba ya sita kutoka kwetu, akapotea. Mtu aliyepima nusu ya mashamba ya nchi hii, akapotea nyumba ya sita! Waliomleta walimkuta amesimama anahesabu hatua. Siku hiyo aliniapisha nisimwambie mtu. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Hasa Kasuku. Ataandika." Nikaapa.

Vitabu vile ni vyake.

Mwezi wa Novemba alifungua kimoja, akaona penseli, akaogopa. Akasema kuna mtu anaingia humu ndani, anaandika vitabuni mwake, na mtu huyo anajua habari za nyumba. Hakuutambua mkono wake. Akawa anaegemeza kiti mlangoni mchana kutwa, hataki nitoke, hataki niingie. "Toa vyote alivyovichafua," ndivyo alivyokuwa akisema. Akapita mnunuzi wa vitabu na gari lake, nikampa magunia manne. Sikufungua hata kimoja. Nilitaka kile kiti kitoke mlangoni.

Umewaambia watu hana kifutio. Droo yake imejaa vifutio. Mpima ardhi hafuti. Kitabu cha vipimo kikifutwa hakiaminiki tena, kwa hiyo ukikosea unakata kwa mstari mmoja, ili atakayekuja nyuma aone ulipokosea na ulipojirekebisha. Miaka thelathini na moja amefanya hivyo. Hukuujua mwandiko wake kwa sababu barua za nyumba hii naandika mimi, yeye kazi yake ni kusema "nisalimie".

Sasa lile la chai. Aliponiuliza jina mara ya kwanza nilicheka, nilidhani mzaha. Mara ya pili nililia jikoni, nikafuta uso, nikampelekea chai. Baada ya hapo hakuuliza tena. Mwaka mzima na miezi, hakuuliza. Nikasema amekumbuka. Nikashukuru, mdogo wangu, niliwaambia hata wenzangu kazini kwamba dawa inafanya kazi. Kumbe alikuwa anajiandikia.

Sikujua kwamba alijua. Hilo ndilo. Nimelijua mbele ya kompyuta ya vifurushi, nyuma ya watu mia mbili na kumi na nne waliotangulia kucheka.

Ondoa ile. Usimweleze mtu sababu. Na unitafutie vitabu. Mambo aliyoandika humo ni yangu, na sasa hawezi kuniambia kwa mdomo.


26 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Wifi yako anakulilia. Mimi sina salamu za kuchekesha leo. Nimezitafuta, hazipo.

Nimeondoa ile ya chai, nimeondoa zote za Penseli. Imechukua dakika moja. Kuziandika kulinichukua miezi miwili, nikijiona mtu mwenye jicho.

Nilikwenda kwa Bei Moja asubuhi kabla hajatandaza. Vimebaki vitatu. Nilimwambia tu ni vya mtu wa kwetu. Alinitazama, akavifunga kwa kamba, akasema, "Mkurugenzi, vingine umeviuza wewe mwenyewe." Ni kweli. Kila nilipoandika kichekesho, wasomaji wangu walikuja wakavichukua kimoja kimoja. Vingebaki bila kujulikana, leo vingekuwa palepale kwenye ngazi, vinasubiri.

Nimeomba kwenye blogu kwamba mwenye kitabu cha penseli anirudishie. Bila sababu, kama ulivyoagiza. Wakadhani ni mchezo mpya. Mmoja amejichorea maneno yake kwenye kitabu cha mapishi, akanitumia picha na kusema, "Na mimi ni Bwana Penseli!" Nilikaa nikiitazama ile picha nikatambua mzaha ule ni wangu, nilimfundisha mimi.

Ila kuna muuguzi mmoja. Alinifuata hadi ofisini nilikokuwa natengeneza mashine, akanipa kitabu ndani ya mfuko, akasema, "Mwandiko wa namna hii naufahamu kutoka kazini. Nilikinunua ili asikinunue mwingine." Badala ya asante nikamwonyesha mashine inavyofanya kazi.

Basi ni vinne, kati ya sijui mia ngapi. Nakutumia kwa kifurushi. Sijavifungua. Nimevizungushia utepe wa gundi mara mbili ili mkono wangu usinishinde. Ni mara ya kwanza maishani nashika maandishi ya mtu na kutoyachungulia, na nina miaka hamsini na mbili.

Mdogo wako


17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti lako likoje? Hapa mvua imekatika. Mkuu wangu anastaafu, tumemnunulia saa, yeye aliyekuwa akichelewa kila siku.

Kifurushi kimekuja dirishani kwangu. Nilijigongea muhuri mwenyewe, nikajisainia mwenyewe kwamba nimekipokea.

Vitatu havina kitu. Ni ugomvi na mito tu, na mwandishi mmoja ameambiwa arudi shule. Cha nne ni kile cha muuguzi. Ukurasa wa themanini na tisa: "Amebadilisha nywele. Mwambie zimempendeza." Chini yake: "Nimemwambia." Hilo amelikata kwa mstari. Pembeni: "Sina hakika. Mwambie tena."

Siku hiyo naikumbuka. Alinisifia nywele mara nne. Ile ya nne nilimwambia, "Bwana we, nimesikia, acha kunichosha."

Bado sijakusamehe. Nakuandikia hivyo usije ukadhani ukimya wangu ni msamaha. Na mimi mwenyewe nina foleni ya kujisamehe, wewe panga mstari nyuma.

Endelea kutafuta.


10 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nimepanga mstari.

Kimepatikana kimoja zaidi. Mwanafunzi wa chuo alikuwa amekiweka chini ya mguu wa meza inayocheza. Nimemtengenezea meza. Kinakuja na barua hii, nacho kimefungwa kwa utepe wa gundi. Bei Moja naye ameanza kufunua kila kitabu kinachopita mikononi mwake. Amesema, "Siku hizi nasoma pambizo tu, vitabu vyenyewe sina haja navyo."

Nimeamua kufunga blogu. Tangazo nimeshaliandika, bado kubonyeza. Nikitembea mjini sasa, macho yananiuma. Naona mzee anazungumza na dirisha la duka, mkono unakwenda mfukoni kutafuta simu, halafu nakumbuka alivyosema: hasa Kasuku. Dada, alinijua vizuri kuliko nilivyojijua. Mtu anayesahau jina la mkewe alikumbuka kunificha siri.

Niruhusu nije. Sitaandika. Nitakaa tu pale.

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yangu aje pia, nina maneno naye. Hali ya shemeji yako imeshuka. Chakula namlisha. Miguu bado ina nguvu, anatembea uani na kuhesabu. Mimi kazini nimeomba nusu siku.

Cha chini ya mguu wa meza hakikuwa na neno langu. Kilikuwa na namba tupu, kurasa nne. Nilizifuata, ni hatua. Kutoka kitandani hadi jikoni kumi na tisa, jikoni hadi mlangoni kumi na moja, mlangoni hadi kwa kinyozi mia mbili na sita. Alikuwa anaipima nyumba yetu.

Usifunge blogu. Sijakupa ruhusa. Kabla hujaziondoa zile za Penseli nilikuwa nimezichapa kwenye mashine ya kazini, zote isipokuwa ya chai. Sikujua nazichapia nini. Wiki iliyopita aligoma kula, mkono wangu anausukuma, nikakosa la kufanya, nikazitoa nikamsomea zile za mito. Kwa maneno yako, na vichekesho vyako visivyokwisha.

Akaanza kusikiliza. Nilipofika "Hapana. Nimefika", akacheka! Kucheka kwake kwa zamani, kwa mabega. Akafungua mdomo, nikamtilia kijiko. Sasa kila mchana ananiambia, "Lete habari za yule bwana." Hana habari kwamba ni yeye, nami simwambii. Anampenda. Anasema ndiye mtu pekee mwenye akili katika mambo hayo yote. Nimezirudia hadi nazijua kwa moyo, kwa hiyo andika nyingine. Mbunie maneno, mimi nimekuruhusu. Mgombanishe na milima.

Ukija, usianze kwa kusema jina lako wala kumuuliza kama anakukumbuka, hapendi mtihani. Kaa upande wa dirisha. Atakuita bwana, nawe mwite bwana.

Juzi tulipomaliza kusoma alitazama karatasi mkononi mwangu. Akaniuliza, "Huyu bwana ana mke?"

Nikasema, "Anaye."

Akatikisa kichwa. "Mtu mgumu namna hii. Mpelekee huyo mama pole zangu."

Nikamwambia zimefika.

Dada yako